Je, wajua kwa nini presha ya turbo huendelea kupanda hata westigeti, mlango wa kuipunguza presha hiyo, ikiwa wazi kabisa?

Gari lilikuwa likishika presha ya turbo ya bar 0.5 tangu litoke kiwandani. Kisha ekzosi ya zamani ikatolewa, ikawekwa paipu ya inchi 3 isiyo na vizuizi, na kichujio cha hewa kikabadilishwa. Sasa geji inasoma bar 0.5 kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, 0.7 kwenye 4,500, na injini ikikaribia 6,000 sindano imefika 0.9 na bado inapanda. Wengi hapo hukimbilia kubadilisha springi ya westigeti. Springi haina kosa.

Moshi wa injini huzungusha gurudumu la turbini, na gurudumu hilo limeshikana kwa shafti moja na kompresa inayosukuma hewa ndani ya silinda. Hewa ikizidi, mafuta yanayoungua huzidi, moshi huzidi, na turbo hukimbia zaidi. Mzunguko huo hujilisha wenyewe, na turbo ndogo inaweza kufika mizunguko 200,000 kwa dakika. Westigeti ni mlango wa pembeni: tundu kwenye gamba la turbini ambalo sehemu ya moshi hupitia bila kugusa gurudumu. Si jambo geni. Oldsmobile Jetfire ya mwaka 1962, mojawapo ya magari ya kwanza ya abiria kuuzwa yakiwa na turbo, ilikuwa nayo tayari.

Mlango huo hufunguliwa na kopo lenye kiwambo cha mpira na springi ndani. Kimpira chembamba huleta presha kutoka upande wa kompresa. Presha ikiishinda springi, fimbo husukumwa nje na kukisogeza kifuniko cha tundu. Springi basi huamua mlango ufunguke lini. Haiamui moshi kiasi gani utapita ukishafunguka. Hilo ni kazi ya tundu, na hapa ndipo ekzosi mpya ilipoleta shida: injini inapumua vizuri zaidi, inatoa moshi mwingi kuliko ule tundu la kiwandani lilipimiwa, na unaobaki hauna pa kwenda ila kwenye gurudumu.

Kuna kipimo rahisi cha kuthibitisha. Ondoa fimbo kwenye mkono wa westigeti (wenzo wa nje unaosogeza kifuniko), funga mkono huo kwa waya kifuniko kikiwa wazi kabisa, kisha endesha mahali pasipo na magari ukiwa gia ya 3, huku mtu wa pili akiangalia geji. Presha utakayoiona ndiyo ya chini kabisa ambayo turbo hiyo inaweza kushika. Ikifika 0.8 mlango ukiwa wazi, hakuna springi wala kidhibiti cha presha kitakachokupa 0.5. Usichanganye na presha inayoruka ghafla kisha ikarudi mahali pake: huo ni ugonjwa mwingine, wa kopo kuchelewa kuitika, na mara nyingi chanzo ni kimpira kirefu mno au solenoidi (vali ya umeme ya kudhibiti presha hiyo) iliyopangwa vibaya.

Dawa ni kupanua tundu. Hesabu yake inatia moyo: tundu la milimita 22 lina eneo la milimita mraba 380, likifika 30 eneo ni 707, karibu mara mbili. Gamba la turbini lazima litoke kwenye turbo kwanza. Chembe ya chuma ikigusa gurudumu linalokimbia kasi ile, hakuna cha kuokoa. Boliti za hapo huwa zimeungua kwa joto, kwa hiyo zilowekwe mafuta ya kulegeza kutu usiku kucha. Kulazimisha ni kukata boliti.

Kabla ya kusaga, pima kifuniko. Cha milimita 34 kinaruhusu tundu lisilozidi 30, ili ubaki ukingo wa milimita 2 pande zote wa kukalia. Uso wa ukingo huo usiguswe na kisagio. Kazi kubwa iko ndani, upande moshi unakotokea: kona kali iliyopo huulazimisha moshi kupinda ghafla, na moshi wenye kasi haupendi kupinda. Saga kona hiyo iwe mteremko laini unaoelekea tunduni. Tundu dogo lenye njia laini mara nyingi hushinda kubwa lenye kona. Acha ukuta usipungue milimita 3 na ukae mbali na matundu ya boliti, maana chuma cha kalibu hupasuka kikiwa chembamba. Kisha kifungue kifuniko kwa mkono uone kinafika wapi. Kikigonga paipu ya ekzosi kabla ya nyuzi 45, kazi yote ya kusaga imepotea.

Kagua kama kinaziba: weka tochi ndani ya gamba, zima taa za chumba. Mstari wa mwanga ukionekana, kisugue kwa dawa ileile ya kukalisha vali. Uvujaji hapo huifanya turbo ichelewe kuamka.

Sasa kuna jambo ambalo wengi hulisahau. Moshi wenyewe hukisukuma kifuniko, na tundu likikua msukumo hukua nalo. Kwa tofauti ya bar 1 kati ya ndani na nje, tundu la milimita 22 linasukumwa kwa nguvu ya nyutoni 38, la 30 kwa 71. Springi iliyotosha jana inaweza kuruhusu mlango ufunguke mapema leo. Ndiyo sababu fimbo hupangwa na mvuto wa awali: kifuniko kikiwa kimefungwa, fimbo iwe fupi kiasi cha kuhitaji kuvutwa milimita 2 hivi kufikia pini yake. Kwenye fimbo ya uzi wa M6 wa kawaida, mzunguko mmoja wa nati ni milimita 1. Usizidishe. Kila milimita unayoongeza hupandisha presha lakini pia hupunguza safari ya mlango, na aliyekaza mno atarudi kwenye tatizo lilelile aliloanza nalo.

Kopo lijaribiwe kwa pampu ya mkono yenye geji, kamwe si kwa hewa ya moja kwa moja ya kompresa ya gereji, inayoweza kuchana kiwambo. Angalia fimbo inaanza kusogea kwenye presha gani, kisha shikilia dakika moja. Sindano ikishuka, kiwambo au kimpira kinavuja. Kimpira kibanwe pande zote mbili. Kikichomoka njiani, mlango hubaki umefungwa, turbo inapanda bila breki, mafuta hayatoshi hewa iliyoingia, injini inagonga, na gasketi ya silinda hedi au pistoni hufuata.

Ukishafunga vyote, jaribu tena gia ya 3, mguu chini kuanzia mizunguko 2,500. Kinachotafutwa ni sindano inayofika 0.55, ikashuka 0.5 na kutulia hapo. Ikilegea hadi 0.4 mwishoni, kaza fimbo mzunguko mmoja urudie. Presha ya mwishoni ikipanda nayo, kifuniko kilikuwa kinasukumwa na moshi. Ikibaki palepale huku ya mwanzo pekee ikipanda, turbo yenyewe imeishiwa pumzi.