Wati za kwenye boksi hazikuambii mmea unapata mwanga kiasi gani

Jamani hili la wati za taa za kukuzia mimea ndani naomba tulimalize. Mtu ananitumia picha, miche imerefuka hadi inaanguka, shina jembamba kama uzi, majani madogo yamepauka, nikimuuliza kuhusu mwanga jibu ni lilelile: "lakini taa yangu ni wati 1000".

Wati ni umeme ambao taa inakula, basi. Na hiyo 1000 ya kwenye boksi mara nyingi wala sio umeme inaokula, wanamaanisha eti ni sawa na taa fulani ya zamani, ukiichomeka kwenye kipima umeme unakuta inavuta wati 100 tu. Hata wati zikiwa za kweli bado hujajua kitu, maana LED moja inatoa mikromoli 1.5 (mikromoli ni kipimo cha idadi ya chembe za mwanga) kwa kila juli ya umeme na nyingine nzuri inakaribia 3, yaani umeme uleule mwanga mara mbili.

Namba ya kutafuta ni PPFD, yaani mikromoli za mwanga zinazotua kwenye mita moja ya mraba kila sekunde, na ipimwe pale majani yalipo, sio pale taa ilipo!! Mimea ya ndani inayovumilia kivuli inaridhika na 50 mpaka 150, miche na mboga za majani 150 mpaka 250, nyanya na pilipili unazotaka zizae usiende chini ya 400. Halafu weka na masaa: PPFD zidisha masaa zidisha 0.0036, unapata moli za mwanga wa siku nzima kwa mita moja ya mraba. 200 kwa masaa 12 ni 8.6, ukiongeza yakawa 16 unafika 11.5 na hujanunua taa nyingine.

Na kabla hujanunua, SHUSHA TAA. Hili nalisema kila siku na watu hawanisikii, wanatundika taa juu karibu na dari ili chumba kipendeze alafu wanalalamika. Balbu ndogo ukiitoa sentimita 60 ukaileta 30 mwanga kwenye jani unakaribia mara nne, paneli pana hazipandi kiasi hicho lakini zinapanda. Huna kipimo? Pakua programu ya kupima lux (mwangaza kama jicho la mtu linavyouona) kwenye simu, laza simu usawa wa majani kamera ya mbele ikiangalia taa, kama ni LED nyeupe gawa kwa 70 upate PPFD. Lux 14,000 ni kama PPFD 200. Ni makadirio, ila yanakuonyesha kama uko kwenye 30 au 300, na hapo ndipo wengi wanapokosea.

"Lakini chumba kinang'aa." Kinang'aa kwako, jicho linajirekebisha hata hustuki, jani halina uwezo huo. Jua la mchana likiwa wazi linafika kama 2000, sebule unayoiona ina mwanga mzuri unaweza kukuta haifiki hata 50 hatua chache tu kutoka dirishani.

Taa ya zambarau ndiyo ya mimea? Hapana. Nyeupe inafanya kazi vizuri, ile kijani iliyomo ndani yake inapenya mpaka majani ya chini, na wewe unaona mapema jani likianza kuwa njano, kitu ambacho chini ya zambarau huwezi. Hiyo ya kugawa kwa 70 pia haifanyi kazi kwenye zambarau.

Kuwasha masaa 24 acheni. Nyanya zinapata majani ya njano, mimea mingi inahitaji giza.

Na wale wa "mwanga mwingi haudhuru", angalieni majani ya juu kabisa yaliyo karibu na taa, yakianza kuwa meupe au kujikunja kingo wakati ya chini yako sawa, umezidisha, pandisha taa. Mmea uliotoka kivulini usiupeleke 400 siku moja, anza chini uongeze kidogo kidogo kwa wiki moja mpaka mbili, na ukitaka kujua kama umepatia angalia majani mapya yanayochipua, ya zamani yaliyoungua hayaponi.