"Bill" ya bungeni si bili ya maji

Kila Juni, Bunge likiwa kwenye bajeti hapa Dodoma, sisi tunaoshughulika na lugha huulizwa swali lile lile: "Finance Bill" ni bili ya nani, na atakayeilipa ni nani? Swali si la kuchekwa. Mtu amezoea bili ya maji inayoingia kwenye simu ikiwa na kontroo namba (ya umeme wengi wameshaisahau tangu waanze kutumia LUKU). Akisikia serikali nayo ina bili, lazima ashtuke.

Kwa Kiswahili huo ni Muswada wa Sheria ya Fedha. Waingereza wana neno moja, sisi tumeligawa: bungeni muswada, dukani bili au ankara, bandarini hati ya shehena. Zile "Treasury bills" za Benki Kuu za siku 35, 91, 182 na 364 ni dhamana za serikali za muda mfupi. Mmarekani naye akitaja "bill", huenda ni noti tu aliyoishika mkononi.

Maana hizo zote za "bill" ni za ukoo mmoja. Chimbuko ni neno la Kilatini "bulla", yaani kiputo cha maji. Likahamia kwenye vitu vya mviringo, ikiwamo hirizi ya shingoni waliyovishwa watoto wa kiume wa Roma, kisha kwenye muhuri wa madini ya risasi ulioning'inizwa kwenye barua za Papa. Mwishowe barua yenyewe ikaitwa kwa jina la muhuri. Kilatini cha Uingereza kikalifanya "billa": hati yoyote rasmi, iwe ombi lililopelekwa bungeni au orodha ya madeni.

Mdomo wa ndege, ambao nao ni "bill", haumo katika ukoo huo. Matamshi yamekutana tu.

Neno "muswada" limepita njia yake, na mimi naipenda zaidi. Ni Kiarabu, kutoka mzizi wenye maana ya weusi: karatasi iliyotiwa wino, rasimu ambayo bado inaweza kukatwakatwa na kuandikwa upya. Na ndivyo ilivyo. Kwa Ibara ya 97 ya Katiba, muswada uliopitishwa na Bunge hauwi sheria mpaka Rais aukubali. Kwa hiyo ukikuta mtandaoni "sheria mpya imepita" wakati muswada umesomwa mara ya kwanza tu, ujue kamati ndiyo kwanza inajiandaa kuita wadau watoe maoni, na wewe ni mmoja wao.