Unasubiri ayodini ya mionzi? Anzia kwenye kopo la chumvi

Mgonjwa wa saratani ya thairoidi anayetoka Bagamoyo ana mtihani usiomkuta sana mwenzake wa Dodoma: bahari. Maandalizi ya kumeza ayodini ya mionzi, iwe kwa kipimo au kwa tiba, kwa sehemu kubwa hufanyika jikoni.

Ayodini ndiyo yale “madini joto” ya kwenye pakiti ya chumvi. Tezi ya thairoidi, hapo shingoni, huyavuta kutoka kwenye damu ili itengeneze homoni. Seli za saratani ya papilari na ya folikula, aina mbili za saratani ya thairoidi, mara nyingi hubaki na tabia hiyo hiyo, hata zikihamia mapafuni. Hapo ndipo sisi wa hospitali tunapozivizia: tezi ikishaondolewa kwa upasuaji, mgonjwa anameza ayodini-131, seli zilizosalia zinaivuta, na mionzi inaziua kwa ndani. Ila seli haijui ipi ayodini yetu na ipi ya dagaa. Ikiwa imeshashiba ya dagaa, dawa nyingi inaishia kwenye mkojo.

Kwa hiyo wiki moja hadi mbili kabla, tunashusha ayodini ya chakula chini ya maikrogramu 50 kwa siku. Mtu mzima kwa kawaida huhitaji 150. Samaki wa baharini, kamba, pweza, ngisi, mwani, maziwa, kiini cha yai, mkate wa dukani na chakula cha mgahawani vinakaa pembeni. Mtu anaapa samaki hajagusa, kumbe mchicha umeungwa na kipande cha ng'onda “kwa ladha tu”. Hicho nacho ni samaki.

Chumvi ndiyo yenye ubishi. Wengi wakisikia “acha chumvi” hudhani ni habari za presha. Basi mtu wa Bagamoyo atauliza: hii ya mawe, ya mashamba yetu ya chumvi, si haina kitu? Kwa macho huwezi kujua. Wapo wanaoinyunyizia madini joto kabla ya kuuza. Tumia ile tu utakayoelekezwa na kitengo kinachokutibu hospitalini. Ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na tui la nazi havina kesi.

Vidonge vya thairoksini, yaani homoni unayomeza badala ya ile ya tezi iliyoondolewa, usiviache kwa ushauri wa jirani. Daktari atataja tarehe, mara nyingi wiki 3 hadi 4 kabla, ili TSH, homoni inayoichochea thairoidi ifanye kazi, ipande kufikia 30 mIU/L au zaidi na kuziamsha seli. Ipo sindano inayoipandisha bila kuacha vidonge, ila ni ghali. Wiki hizo ni nzito: uchovu, choo kigumu, huzuni, na mtu kuomba blanketi kwenye joto la Februari. Bodaboda usiendeshe.

Tuambie kama karibuni ulipigwa CT skani ya dawa ya mshipani, unatumia amiodaroni ya moyo, au unapaka kidonda ile ayodini ya kahawia; zote hizo huujaza mwili ayodini. Mjamzito hapewi ayodini ya mionzi kabisa. Anayenyonyesha huacha angalau wiki 6 kabla, na mtoto huyo harudishwi tena ziwani.

Panga pia safari ya kurudi. Mwili wako utakuwa bado unatoa mionzi, hivyo daladala ya Bagamoyo yenye msongamano haifai. Ulizia usafiri mapema, na watoto wadogo walale kwa bibi yao.

Mlo huu huendelea siku moja au mbili baada ya dozi. Tukikuruhusu, pweza anarudi sufuriani.