Urefu wa uzi hauko kichwani

Jumamosi iliyopita kijana mmoja aliingia kibandani kwangu hapa Katwe, Kampala, begi fupi mgongoni, akalilaza mezani kama anayeleta mgonjwa. Ndani mlikuwa na gitaa la besi la nyuzi nne lisilo na kichwa, yaani kile kibao cha mwisho wa shingo kinachobeba funguo za kukazia nyuzi. Ni besi ya mtindo wa mbunifu Ned Steinberger. Safi kabisa: shingo imenyooka, freti, vile vyuma vya kukata shingo, hazijalika, skrubu zote zipo. "Fundi, nitafutie mteja," akaniambia. Nikamwuliza ina tatizo gani. Akasema kiongozi wa sifa kanisani kwao amemwambia gitaa hilo limekatwa, nyuzi zake ni fupi, ndiyo maana besi haisikiki. Akitaka kuendelea kupiga, aje na gitaa zima.

Mwaka huu hii ni mara ya nne. Mara tatu za kwanza nilieleza kwa mdomo tu, watu wakaitikia na kwenda zao bila kuamini. Sasa naandika.

Nilimpa kijana utepe wa kupimia ashike mwenyewe. Tukapima kutoka kwenye kidaraja, pale nyuzi zinapoingia shingoni, hadi freti ya 12, ambayo ndiyo katikati ya uzi: sentimita 43 na milimita 2. Zidisha mara mbili, unapata sentimita 86.4, yaani inchi 34. Kisha nikashusha ukutani besi ya kawaida ya mteja mwingine, Jazz Bass, yenye kichwa kikubwa na funguo zake nne, tukapima vilevile. Sentimita 43 na milimita 2. Kijana akarudia mara ya pili, halafu akaketi.

Uzi unaolia ni ule ulio kati ya kidaraja na daraja, pale uzi unapoishia mwilini mwa gitaa, basi. Kinachopita nyuma ya kidaraja kwenda kwenye funguo hakipigi noti. Inchi 34 ndicho kipimo ambacho mtengenezaji wa magitaa Leo Fender alikiweka kwenye Precision Bass mwaka 1951, na besi nyingi zisizo na kichwa zinakifuata hichohicho. Anayetaka kuona besi ya nyuzi fupi kweli aitazame Höfner 500/1, ile yenye umbo la fidla aliyoipiga Paul McCartney wa Beatles: inchi 30. Na kichwa inacho.

Kwa nini basi besi ya kijana haisikiki? Jioni ile nilifunga kibanda tukaenda wote kanisani. Gitaa linaingia moja kwa moja kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti, na kwenye chaneli yake kitufe cha kukata sauti za chini kimebonyezwa. Kwenye mikisa nyingi kitufe hicho huanza kukata kwenye hezi (mitetemo kwa sekunde) 75, 80 au 100 kushuka chini. Uzi wa E, ule mnene kuliko wote, ukiachiwa wazi unalia kwenye hezi 41. Maana yake kila noti nzito aliyokuwa akiipiga ilikuwa inapunguzwa kabla haijafika kwenye spika, na lawama inabebwa na gitaa. Nilikiachia kitufe, kijana akapiga E, mabati ya ukutani yakatikisika. Mwezi mzima mtu huyu amekuwa akiambiwa chombo chake ni kibovu. Hilo linaniuma, kwa sababu aliinunua kwa akiba yake mwenyewe.

Sasa kuna wale wanaojua kwamba urefu ni uleule, lakini wana hoja nyingine, na hii ndiyo inayonichosha zaidi kwa sababu nusu yake ni kweli. Wanasema: bila kichwa, uzi unakuwa na mkazo tofauti. Wengine wanasema unalegea, wengine unakuwa mgumu. Hebu twende polepole.

Mkazo wa uzi unaamuliwa na mambo matatu: uzito wa uzi kwa kila sentimita, urefu wa sehemu inayolia, na noti unayoitaka. Chukua uzi uleule, urefu uleule, uvute hadi E ileile: mkazo ni uleule, uwe na kichwa au usiwe nacho. Uzi hauna habari na kilichoko nyuma ya kidaraja. Ukiukaza zaidi, noti inapanda, ukiulegeza, inashuka. Hakuna mlango wa nyuma ambao mkazo unaweza kupitia bila noti kubadilika. Nimeshabishana na wapigaji wazuri sana juu ya hili, watu ninaowaheshimu, na jibu lao huwa: "Lakini mimi nausikia mkononi." Ndiyo, unausikia. Unachokisikia ni kitu kingine.

Unapousukuma uzi pembeni ili noti ipande kidogo, lazima uzi wote unyooke, pamoja na kile kipande kilichoko nyuma ya kidaraja. Kwenye gitaa lenye kichwa, uzi wa G, ule mwembamba kuliko wote, mara nyingi ndio wenye safari ndefu hadi kwenye ufunguo wake, kwa hiyo kuna uzi wa ziada unaonyooka pamoja nao. Inabidi usukume mbali zaidi ndipo noti ipande kiasi unachotaka, na kila hatua ya kidole inakuwa laini kidogo. Kwenye besi isiyo na kichwa ziada hiyo karibu haipo. Ukisukuma kidogo, noti inapanda haraka. Vidole vinatafsiri hali hiyo kuwa ugumu. Si mkazo, ni namna uzi unavyojibu. Kwa mpigaji wa kanisani asiyesukuma nyuzi hata mara moja kwa ibada nzima, tofauti hiyo ni ndogo mno. Kwa anayependa kutetemesha noti kwa kidole, ipo, na atazoea ndani ya wiki.

Naona watu wanauza vyombo vizuri kwa sababu ya maneno mawili yaliyochanganywa, mkazo na ugumu. Ndiyo maana nimerefusha hapa.

Ned Steinberger mwenyewe hakuondoa kichwa kwa ajili ya urembo. Alikuwa mbunifu wa samani Brooklyn, Marekani, akaanza kubuni besi katika miaka ya 1970, na kilichomsumbua ni uzito: besi ya kawaida ukiiachia mkono wa kushoto, kichwa chenye funguo za chuma kinavuta shingo chini. Akahamishia funguo kwenye daraja, upande wa mwili. Funguo zikishaondoka, kichwa hakina kazi. Akakiacha. Akatengeneza shingo na mwili kwa kaboni badala ya mbao, akaweka pikapu (vile vidaka sauti vya uzi) za kampuni ya EMG, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikashikwa na wapigaji mashuhuri kama Sting, Geddy Lee na Tony Levin.

Zingatia hilo la kaboni na EMG. Anayesema "besi zisizo na kichwa zina sauti ya baridi" anakumbuka rekodi za miaka ile. Alichosikia ni kaboni, pikapu zenye betri, na pengine nyuzi mpya. Nimetengeneza besi isiyo na kichwa ya mbao tupu yenye pikapu za kawaida, na nikimpigia mtu akiwa amegeuza mgongo, hajui.

Je, kichwa hakina athari yoyote kwenye sauti? Hapa siwezi kusimama kifua mbele. Kina athari, na nitakuonyesha. Besi nyingi zenye kichwa zina noti moja inayokufa upesi, aghalabu kwenye uzi wa G kati ya freti ya 5 na ya 7. Unapiga C au D, inaanza vizuri, halafu inazimika wakati jirani zake bado zinalia. Chanzo ni shingo: nayo ina mtetemo wake, na noti ikiangukia kwenye mtetemo huo, shingo inakula nguvu ya uzi. Chukua klampu ndogo, weka kipande cha kitambaa, ibane kwenye kichwa, kisha piga tena. Noti iliyokufa inahama. Umeongeza uzito mwishoni mwa shingo, mtetemo wake umeshuka. Kuna hata kifaa kilichouzwa kwa kazi hiyo, kikiitwa Fatfinger.

Basi ukiondoa kichwa chote, mtetemo wa shingo unapanda. Noti inayokufa inahamia juu, mahali ambapo huipigi sana, au inafifia. Ndivyo ninavyoamini, na masikio yangu yanakubali. Lakini sijawahi kushika gitaa moja likiwa na kichwa kisha likiwa halina, mengine yote yakibaki vilevile. Zilizopita mezani kwangu zinatofautiana kwa mbao, kwa gundi, kwa unene wa shingo. Kwa hiyo anayekuambia "kichwa kinachangia kiasi hiki" muulize ametenganishaje.

Tuje kwenye faida ambazo hazina ubishi. Mgongo. Ukipiga sebene Kabalagala usiku mzima, mkono wa kushoto unaruka juu na chini bila kubeba shingo. Mimi nina bega lililoharibika, na tofauti naisikia kabla ya wimbo wa pili. Kisha safari: besi ya kawaida inapita sentimita 115, hii ni kama mita moja au pungufu. Kwenye boda haigongi vioo vya magari, na kwenye basi la usiku la Arua unaipakata badala ya kuitupa chini kwenye mizigo. Tuni unakaza kwa mkono wa kulia, palepale unapopiga, kwa skrubu laini inayokwenda kidogo kidogo.

Lakini usiniambie haiachi tuni. Inakaa vizuri, kwa sababu hakuna uzi uliozungushwa kwenye ufunguo wala msuguano mwingi kwenye kidaraja. Shingo ikiwa ya mbao, bado ni mbao. Mvua za Machi zikianza hapa Kampala, naletewa besi za kila aina zimepinda, zenye vichwa na zisizo navyo, na dawa ni ileile: chuma cha ndani ya shingo.

Na kuna kasoro. Ile ndogo ya Steinberger, yenye mwili kama kasia, haina pembe ya juu ya kufungia mkanda, kwa hiyo shingo yote inasogea kushoto na freti ya kwanza inakuwa mbali. Wafupi wa mikono wataona. Ukiketi, inateleza pajani. Ndiyo maana ina kile kimguu cha kukunja, nacho huvunjika. Nimeshachongesha vitatu vya alumini kwa jirani zangu wachomeleaji, na vimedumu kuliko vya plastiki. Tyuna ya kubana huna pa kuibana, nunua ya kukanyaga. Stendi ya kuning'iniza, sahau.

Kasoro kubwa ni nyuzi. Muundo wa awali unataka nyuzi zenye kishungi, kile kitufe cha chuma cha mwisho wa uzi, pande zote mbili. Dukani Kampala mimi sijawahi kuzikuta. Naagiza nje, na wakati mwingine nangoja wiki nyingi. Besi nyingi za sasa, kama Ibanez EHB zilizotoka mwaka 2020, zinakubali nyuzi za kawaida: kishungi kinakaa kwenye daraja, ncha nyingine inabanwa kwa skrubu upande wa kidaraja. Hapo ndipo watu wanapoharibu. Mtu anakata uzi kwanza ili ulingane, kisha anaubana. Waya wa nje unaanza kufunguka kutoka kwenye waya wa katikati, huoni kitu, ila uzi unalia kama umelowa, hauimbi. Umepoteza uzi mpya. Bana kwanza, kaza sana, vuta hadi noti ikaribie, ndipo ukate kinachobaki.

Jambo la mwisho ni safari ya ile skrubu ya daraja. Ni fupi. Usipouvuta uzi kwa mkono hadi ukaze kabla ya kuubana, skrubu itafika mwisho uzi wa E ukiwa bado kwenye D, na uzi mpya nao unaendelea kunyooka. Kwa hiyo ukienda kununua besi iliyokwishatumika, usitazame rangi. Zungusha kila skrubu ya daraja mwanzo hadi mwisho. Ikikwaruza au ikiruka, meno yameliwa, na kipuri hicho hutakipata hapa. Kisha tazama skrubu za kubania: zile zenye tundu la pembe sita huliwa na alenki isiyolingana, na moja iliyoliwa inatosha kukufungia uzi ndani.

Kijana hakuuza. Atarudi Alhamisi tubadilishe nyuzi. Nimemwambia aje nazo ndefu kama zilivyo, asiguse koleo.