Je, wajua kwa nini degedege la mtoto mchanga linaweza kupita bila kutambuliwa?

Likitajwa degedege, wengi hufikiria mwili mzima unaokakamaa na kurukaruka. Kwa mtoto mwenye majuma machache hali hiyo ni nadra, kwa kuwa ubongo wake haujakomaa: nyuzi nyingi za neva hazijapata utando wa mafuta unaoharakisha mawasiliano, na njia zinazounganisha pande mbili za ubongo hazijakamilika, hivyo msukosuko wa umeme unaoanzia sehemu moja huishia hapo au huhamahama bila kuutikisa mwili wote kwa pamoja.

Ndiyo maana dalili huwa ndogo. Macho yanaweza kuelekea upande mmoja na kubaki huko, kope zikapepesa mfululizo, mdomo ukatafuna ilhali hakuna kitu kinywani, miguu ikazunguka kama ya mwendesha baiskeli, au pumzi ikakatika huku midomo ikibadilika rangi. Pengine ni mkono mmoja tu unaoshtuka kwa mapigo yanayofuatana kwa mwendo ule ule.

Kinachotatiza ni kwamba mtoto mchanga mwenye afya naye hutetemeka na kushtuka. Mshiko mwepesi husaidia kutofautisha: mtetemo wa kawaida hukoma kiungo kinaposhikwa au kukunjwa taratibu, lakini mapigo ya degedege huendelea kusikika chini ya kiganja. Mishtuko inayotokea usingizini pekee na kuisha mtoto anapoamka, kwa kawaida haina madhara. Hata hivyo, njia hii haimpi mzazi ruhusa ya kusubiri, kwani baadhi ya degedege halina dalili yoyote ya nje na huonekana tu kwenye kipimo cha umeme wa ubongo.

Kuna aina nyingine ambayo kwa kawaida huanza kabla ya mwaka mmoja, na mara nyingi hudhaniwa kuwa msokoto wa tumbo. Kichwa huinama ghafla, mikono ikatanuka au kukunjwa kwa sekunde moja au mbili, kisha tendo hilo likajirudia mara nyingi mfululizo, hasa mtoto anapoamka. Daktari Mwingereza William James West aliieleza mwaka 1841 baada ya kuiona kwa mwanawe mwenyewe. Hatari ya aina hii hailingani kabisa na udogo wa tendo lenyewe, kwa sababu ikichelewa kutibiwa mtoto anaweza kupoteza alichokwisha kujifunza, kama kutabasamu au kuketi.

Mtoto mchanga anayeshukiwa kuwa na degedege apelekwe hospitali mara moja, hata kama tukio limekwisha, kwa maana chanzo kinaweza kuwa upungufu wa sukari katika damu, maambukizi, kutokwa damu katika ubongo au kukosa oksijeni wakati wa kuzaliwa. Wakati wa tukio, alazwe kwa ubavu, asikandamizwe wala kutiwa chochote mdomoni, na muda uhesabiwe. Kama yupo mtu wa pili, arekodi video kwa simu, kwa sababu mara nyingi mtoto hufika mbele ya daktari akiwa ametulia.