Taka hazizai funza

Nimeisikia tena wiki hii, Chikongola, hapa Mtwara mjini, kwa mama mmoja aliyenipokea vizuri na kiti akanitolea: "Bwana afya, gari halijapita mpaka taka zangu zimezaa funza. Na mfuko nilifunga mwenyewe, inzi hakuingia." Mumewe akaitikia kwa kichwa. Jirani akaitikia. Hata mjumbe niliyeongozana naye, aliyekaa kwenye semina zetu na posho akasaini, naye akaitikia.

Jamani. Taka hazizai. Aliyezaa ni inzi, na alizaa kabla mfuko haujafungwa, pengine kabla samaki hajafika nyumbani. Suala hili alilimaliza Mwitaliano mmoja, Francesco Redi, mwaka 1668: aliweka nyama kwenye vyombo, vingine akaviacha wazi, vingine akavifunika kitambaa. Vya wazi vikatoa funza, vya kitambaa havikutoa. Imepita miaka zaidi ya 350, na mimi bado naambiwa uozo unapata mimba.

Ningenyamaza kama ingekuwa imani isiyo na madhara. Lakini anayeamini kwamba funza huletwa na kukaa kwa taka, anaamini pia kwamba hana la kufanya ila kusubiri gari. Anakaa barazani, anatukana, ndoo inachemka uani. Mimi si msemaji wa gari. Kuondoa taka ni wajibu wa serikali za mitaa, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inasema hivyo, na mwenye haki yake aidai. Ninachobisha ni kwamba hata gari lingepita kila wiki bila kukosa, funza wale wangekuwepo.

Angalia hesabu yenyewe. Kwa joto la pwani yetu, yai la inzi linaanguliwa ndani ya siku moja, mara nyingi chini ya hapo. Funza anakula siku 4 au 5, akishiba anahama kutafuta pakavu, anakuwa pupa, yaani anatulia ndani ya ganda gumu akigeuka, na siku chache baadaye inzi mpya anaruka. Toka yai hadi inzi ni siku 7 hadi 10. Jike mmoja hutaga mayai kama 100 kwa mkupuo, na mikupuo ni kadhaa. Sasa chukua gari la Ijumaa kwa Ijumaa. Samaki wa Jumamosi ameshatoa funza Jumapili, na Alhamisi funza hao wamehama kwenye ndoo wenyewe, kwa miguu wasiyokuwa nayo. Ijumaa unakabidhi mfuko, unabaki na inzi.

Huamini? Sogeza ndoo ufukue mchanga wa chini yake, kina cha kidole tu. Utaona vitu vigumu vya rangi ya kahawia vimelala kama punje za mpunga. Hizo ndizo pupa. Niliwahi kumfukulia mzee mmoja akaniambia ni mbegu za mchicha, nikamwambia basi asubiri aone zitachipua nini.

Kuna inzi mwingine, yule wa kijivu mwenye mistari mgongoni, hatagi kabisa. Anadondosha funza hai moja kwa moja juu ya nyama au samaki. Kwa hiyo kama mnakitaka sana kitu kinachozaa funza, kipo, ila kina mabawa.

Vita basi iko kwenye saa za kwanza, pale jikoni, siku taka zinapotoka. Wiki ya pili unahangaikia matokeo tu.

Mimina ndoo ya nyumba ya kawaida hapa mjini uone kilichomo. Maganda ya muhogo na ndizi, machicha ya nazi, makombo ya ugali, mashavu na utumbo wa samaki, mabua ya mchicha. Halafu mchanga na majani ya kufagia uwanja. Halafu chupa, vifungashio, makopo, matambara. Kinachonuka na kuvuta inzi ni kundi la kwanza peke yake. Kundi la tatu likiwa kavu lisilo na mabaki ya chakula, linakaa kwenye salfeti nyuma ya nyumba mwezi mzima na hakuna atakayejua. Chupa za maji usizihesabu kabisa, waokotaji watakutangulia. Nyumba nyingi zinachanganya yote, utumbo wa samaki unalowesha kila kitu, kisha mtu anasema ana taka nyingi. Ana bakuli la taka mbichi lililochafua gunia zima.

Halafu kuna ushauri wa "funga kabisa", ambao sijui ulianzia wapi. Ukifunga taka mbichi kwenye plastiki isiyopitisha hewa, maji hayana pa kwenda na hewa inaisha ndani. Vijidudu vinavyoishi bila hewa ndivyo vinavyotamba hapo, na hivyo ndivyo vinavyotoa ile gesi ya yai bovu. Mayai ya inzi yaliyokwisha kuingia yanapata chumba chenye joto na unyevu, na kodi umewalipia. Marufuku ya mifuko ya plastiki ilipoanza tarehe 1 Juni 2019, malalamiko niliyoyapata mengi yalikuwa haya: sasa taka tutafungia nini? Kwa upande wa harufu, ile rambo ilikuwa inakudhulumu. Kiroba cha unga kinapumua, ni bora mara kumi.

Na Jik? Klorini inamalizwa upesi na uchafu wenyewe kabla haijafanya la maana. Ukiimwaga kwenye kitu chenye mkojo, inatoa mvuke wa kukuumiza kifua. Iache ifanye kazi ya kufulia.

Sasa nije kwenye jambo linaloniudhi kuliko yote, na hapa nitakaa kidogo.

Kila asubuhi, kabla jua halijachomoza vizuri, Mtwara nzima inafagia. Majani ya mwembe, ya mkorosho, ya mkungu, yanakusanywa vichuguu vichuguu na kutiwa kiberiti. Moshi unatanda mpaka watoto wanaokwenda shule wanakohoa. Saa mbili baadaye, mama yuleyule aliyechoma majani anamwaga maganda na machicha kwenye ndoo tupu, na jioni ananiuliza dawa ya harufu. Dawa umeichoma asubuhi, mama! Majani makavu ndiyo yanayonyonya yale maji, ndiyo yanayoacha nafasi za hewa katikati, ndiyo yanayomficha samaki asionwe na inzi. Hakuna unachohitaji kununua.

Ninavyowaonyesha watu ni hivi. Ndoo ya zamani ya lita 20, hata iliyopasuka. Toboa matundu chini kwa msumari wa moto, iweke juu ya matofali mawili, penye kivuli na pasipopigwa na mvua. Chini tandika majani makavu unene wa shubiri. Kila unapotia taka mbichi, palepale, si jioni, funika kwa majani mpaka usizione. Kiasi: bakuli moja la taka kwa mabakuli mawili au matatu ya majani yaliyofikichwa. La mkorosho ni gumu, lifikiche kwelikweli, la sivyo litakaa kama bati. Makuti usisumbuke nayo. Randa ya kwa fundi seremala inafaa sana, mradi si ya mbao zilizopakwa dawa. Juu funika kwa kipande cha chandarua kikuukuu, ukizungushie mpira wa baiskeli. Mfuniko wa kubana usiutake, tumeshaongea habari za hewa.

Ikinuka, ina maji mengi: ongeza majani. Ikitoa joto, usiogope, inafanya kazi. Ikijaa, geuzia kwenye kona ya uwanja, funika kwa majani na mchanga, anza nyingine. Mchanga wetu huu usioshika maji utakushukuru, na mpapai wako pia.

Majivu ya mkaa nayo yanasaidia kwa sababu yanakausha. Lakini konzi moja inatosha. Vitabu vinasema nyunyiza majivu na kuishia hapo, watu wanamimina jiko zima kila siku, mwisho ndoo inaacha kuoza kabisa na kugeuka kitu kama saruji mbichi. Sijaona kitabu kilichoandikwa na mtu aliyelazimika kukizoa kitu hicho.

Samaki ana sheria zake. La kwanza, mwache apariwe sokoni, utumbo ubaki hukohuko. Wapara samaki wapo, na hela yao ni ndogo kuliko adha ya kuwa na utumbo nyumbani. Ukishindwa, chimba kwenye mpapai au mgomba hadi kina cha goti na ufukie siku hiyohiyo. Kina cha kiganja ni karamu ya paka. Mwenye friza afungie utumbo kwenye gazeti, augandishe, autoe siku ya gari. Nikisema hivi watu wanacheka, "uchafu kwenye friji!" Saa sita mchana ulikuwa samaki mzima kwenye friji hiyohiyo na hukucheka.

Machicha ya nazi mpe kuku yakiwa mabichi, au yaanike kwenye ungo jua la mchana. Yakilala na unyevu usiku mmoja tu yanachachuka. Msimu wa mabibo na maembe, kwa kuwa unakutana na mwanzo wa mvua, ongeza majani maradufu.

Kuna swali ambalo huulizwa kwa sauti ya ushindi: "Bwana afya, tutenganishe halafu zikachanganywe garini?" Ndiyo, mara nyingi zinachanganywa. Sibishi. Lakini nani alisema mnatenganisha kwa ajili ya gari? Mnatenganisha kwa ajili ya zile siku ambazo gari halipo. Zikishatoka getini zikachanganyike zinavyotaka, wewe umekwisha kulala siku zote hizo bila inzi.

Panaponishinda mara nyingi ni nyumba za wapangaji. Vyumba sita, uwanja mmoja, ndoo moja, na mmoja wao hajali. Huyo mmoja anatosha kuharibu kazi ya watano. Nimejaribu zamu, zimekufa. Kinachoelekea kufaa ni kila chumba kuwa na kindoo chake, ili uvundo uwe na mwenyewe. Hata hapo sitaapa.

Upesi upesi, mengine. Kuchoma: taka mbichi haziungui, zinafuka, na plastiki ukiichoma uani sumu yake unaivuta wewe na wanao. Shimo: ardhi yetu ya mchanga inapitisha maji ya taka moja kwa moja, kwa hiyo liwe mbali na kisima mita 30 angalau, na pasiwe mahali ambapo maji yapo karibu. Chupa zilizovunjika: kwenye kopo, na kopo libanwe, maana kuna mtu atabeba kiroba hicho begani.

Vifuu, hapana, hivyo siwezi kuvipitia upesi. Kifuu cha nazi hakinuki, hakina funza, kwa hiyo kinatupwa nyuma ya choo na kusahauliwa. Mvua moja, kinajaa. Mbu aina ya Aedes, yule mwenye madoadoa meupe anayeuma mchana, hahitaji bwawa, kifuu kinamtosha, na katika siku kama 7 hadi 10 amekua. Ndiye anayeeneza dengue na chikungunya. Chikungunya yenyewe ilielezwa kitabibu kwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa 1952 na 1953 kwenye uwanda wa Makonde, hapo juu tu, kwa hiyo mtu wa kusini asiniambie ni ugonjwa wa wageni. Na kumwaga maji hakutoshi, mayai yake yanaganda ukutani mwa kifuu na yanastahimili ukavu kwa miezi. Vifuu vitie jikoni viwe kuni, au vitoboe vyote. Ndoo na matairi usugue, si kumwaga tu.

Pampasi ndizo sina jibu zuri. Vitabu vinasema mwaga kinyesi chooni, kunja, hifadhi pakavu. Sawa, lakini pampasi ya usiku imejaa mkojo, ni nzito, na nyumba yenye mtoto mchanga hutoa kadhaa kwa siku. Hazifai ndoo ya majani, hazifai moto, na zikitupwa chooni shimo linajaa kabla ya wakati wake. Nawaambia wakishamwaga kinyesi waziweke kwenye ndoo ya peke yake yenye mfuniko, pamoja na konzi la majivu, na hii ndiyo ndoo moja ninayokubali ifungwe. Harufu inapungua. Haiishi. Wanaorudia nepi za kitambaa mchana na kuacha pampasi za usiku tu ndio wanaonekana kupumua, ila hao wana maji ya bomba uani, na si kila nyumba inayo.

Siku ya gari, toa viroba asubuhi. Ukivitoa usiku, mbwa na kunguru watavifungua kabla ya wazoaji kufika. Ndoo zioshe, zigeuze juani zikauke kabisa. Halafu parua ule mchanga wa chini yake na uwaachie kuku: pupa wanazipenda kuliko pumba.