Filamu nzito si lazima ifurahishe, lakini lazima ishike

Mimi ni mhariri wa filamu. Kazi yangu ni kuamua picha ikae kwenye skrini muda gani kabla haijaondoka. Kwa kuwa nafundisha vijana kazi hiyohiyo, kuna swali ambalo haliishi darasani: filamu au tamthilia inayogusa mambo mazito, je, ni lazima iburudishe? Wapo wanaosema mtazamaji ameshachoka na maisha, ukimpa uchungu mtupu atabadilisha chaneli. Wapo wanaosema kuwaburudisha watu kwa mateso ya wenzao ni dhambi. Mimi naona pande zote mbili zinachanganya kufurahishwa na kushikwa. Mtu anaweza kukaa saa tatu, asifurahi hata dakika moja, na bado asitake kunyanyuka.

Nichukue tukio moja lililosimuliwa kwa njia zote mbili: mauaji ya Wayahudi chini ya utawala wa Hitler.

Aprili 1978 kituo cha NBC cha Marekani kilirusha kwa siku nne mfululizo tamthilia iitwayo Holocaust. Ilikuwa tamthilia kwa kila hali tunayoijua: familia ya daktari Weiss wa Berlin, harusi, mapenzi, watoto wanaotawanyika kila mmoja na njia yake, na upande wa pili mwanasheria kijana, Erik Dorf, anayepanda vyeo ndani ya SS, jeshi la chama cha Hitler lililosimamia mauaji hayo. Meryl Streep alikuwamo kabla jina lake halijawa kubwa. Katikati ya habari za vifo, matangazo ya biashara yaliingia kama siku zote. Mwandishi Elie Wiesel, ambaye yeye mwenyewe alipitia kambi ya mauaji ya Auschwitz, aliishambulia kwenye gazeti la New York Times kwamba imeshusha hadhi ya jambo ambalo halisemeki. Hasira yake naielewa. Tamthilia ya namna ile ina masharti yake: lazima uwe na mtu wa kumwombea, na lazima abaki mmoja wa kukufariji mwishoni. Katika familia ya Weiss anabaki Rudi. Kwa familia nyingi mno hakubaki mtu.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kusema burudani imeharibu ukweli. Lakini Januari 1979 tamthilia hiyohiyo ilionyeshwa Ujerumani Magharibi, na watu wapatao milioni 20 waliitazama. Siku chache kabla, watu wa siasa kali za mrengo wa kulia walilipua mitambo ya kurushia matangazo wakitaka kuzuia filamu ya makala iliyotangulia kuhusu mauaji hayo. Kila baada ya sehemu moja, wanahistoria na watu wengine walikaa studio na simu zikafunguliwa, na maelfu ya watu wakapiga. Julai mwaka ule Bunge lao lilifuta kikomo cha muda wa kushtaki makosa ya mauaji, ili wauaji wa zama za Hitler wasipate kuponea kwenye kalenda. Mjadala huo wa bungeni ulikuwa umeanza zamani, na hakuna mtu makini anayesema tamthilia peke yake ndiyo iliyopiga kura. Ila iliyaingiza mambo hayo sebuleni, baba na mwanawe wakiwa wamekaa kochi moja. Vitabu na makala za miaka 30 vilikuwa havijawafikia watu wengi kiasi kile kwa wiki moja.

Kwa hiyo mtu akidharau tamthilia mbele yangu kwa sababu tu imefuata njia za burudani, simuungi mkono.

Sasa tazama Shoah, filamu ya makala ya Mfaransa Claude Lanzmann kuhusu mauaji hayohayo, iliyotoka mwaka 1985. Ina urefu wa saa tisa na ushee. Hakuna hata picha moja ya zamani ndani yake, hakuna maiti, hakuna muziki wa kukuelekeza ulie wapi. Kuna watu wanaozungumza, na kuna mahali palipotokea mambo, palivyo leo: nyasi, reli, msitu uliotulia. Lanzmann aliihangaikia tangu katikati ya miaka ya 1970, na mhariri wake, Ziva Postec, alitumia miaka kadhaa kuisuka kutoka kwenye mamia ya saa za picha. Hakuna anayeweza kusema filamu hiyo inaburudisha.

Kuna sehemu moja ambayo naionyesha kila darasa jipya. Abraham Bomba, kinyozi, alilazimishwa kwenye kambi ya mauaji ya Treblinka kuwanyoa wanawake nywele muda mfupi kabla ya kuuawa kwa gesi. Lanzmann anamhoji ndani ya saluni huko Israel, mteja amekaa kitini, Bomba ana mkasi mkononi. Anaeleza kazi ilivyokuwa kwa sauti ya fundi anayeeleza ufundi wake: walikuwa vinyozi wangapi, walisimama wapi, walimaliza kwa dakika ngapi. Kisha anafika kwenye habari ya rafiki yake, kinyozi mwenzake wa mji mmoja, ambaye siku moja aliwaona mkewe na dada yake wakiingia chumba kile. Hapo Bomba ananyamaza. Anazunguka kiti. Anajifuta uso kwa taulo. Anaomba waache. Lanzmann anamsihi aendelee, taratibu, bila kumwachia. Na muda wote huo kamera iko usoni pake.

Ningekuwa na picha hizo mezani kwangu, kila kitu nilichofundishwa kingenisukuma kukata: weka picha ya mikono, weka dirisha, mrukishe mtazamaji mpaka pale maneno yanaporudi. Postec na Lanzmann hawakukata. Ukimya ule unaposhindwa kuvumilika ndipo unapoelewa kwamba kwa Bomba jambo hili halijawa historia. Kama wangekata, tungepata taarifa sawasawa na tungekosa mtu. Wapo wanaosema Lanzmann alimtesa yule mzee, na hoja hiyo ina uzito wake, nami sitaki kuipuuza. Lakini sijui njia nyingine ambayo ingenifanya niyajue niliyoyajua katika dakika zile.

Njia za kushika ni mbili tofauti, basi. Holocaust inakushika kwa wasiwasi wa kinachofuata: nani atapona, nani atasaliti. Shoah inakushika kwa kukunyima njia ya kutokea. Ya kwanza hufika kwa wengi, nayo hulipia kwa kukufariji. Ya pili hufika kwa wachache na haikubali kukufariji. Ukiniuliza ipi nzito zaidi, nasema Shoah bila kusita. Ukiniuliza ipi ilistahili kurushwa kwanza Ujerumani Magharibi mwaka 1979, siwezi kusema kwa uhakika uleule.

Jambo moja nalisema kwa wanaotaka kutengeneza filamu nzito huku kwetu: uzito wa mada haukupi ruhusa ya kuchosha. Tuna filamu nyingi za miradi ambamo binti analia, daktari mwenye koti jeupe anahutubia, mwenyekiti wa kijiji anatikisa kichwa, basi. Nia ni njema. Lakini hazishiki, kwa sababu kila mtu ndani yake ameshajua jibu kabla hajafungua mdomo. Mwongozaji wa Ubelgiji, Chantal Akerman, mwaka 1975 alimweka mwanamke jikoni anamenya viazi, kwa shoti ndefu zisizosogea, katika filamu ya zaidi ya saa tatu iitwayo Jeanne Dielman. Inashika, kwa kuwa umeshazoea utaratibu wa mama yule kiasi kwamba siku viazi vinapoungua unahisi nyumba nzima imetikisika. Polepole ile imepangwa dakika kwa dakika.

Aliyelielewa hili kuliko wote kwa upande wa Afrika, kwa maoni yangu, ni Ousmane Sembène wa Senegal. Alikuwa mwandishi wa riwaya, akaingia kwenye filamu kwa sababu watu aliowaandikia wengi wao hawakusoma. Moolaadé, aliyoitoa mwaka 2004 akiwa na umri wa miaka 81, inahusu ukeketaji, jambo ambalo hata Mara na Kajiado tunalijua. Wasichana wanne wanakimbilia kwa Collé, mama aliyekataa bintiye akeketwe, naye anafunga kamba ya nyuzi za rangi mlangoni: aliyemo ndani hagusiki. Na filamu hiyo inachekesha! Kuna mchuuzi ambaye wanakijiji wanamwita Mercenaire, anauza mikate, nguo za ndani na betri, akiwatania wanawake huku akiwapandishia bei. Kuna rangi, kuna mizaha ya wake wenza. Kwa muda mrefu unakaa kwenye kijiji kile kama mgeni aliyekaribishwa vizuri.

Kisha mume wa Collé, kwa shinikizo la kaka yake, anamchapa mkewe kwa mjeledi hadharani ili alitamke neno litakaloondoa kinga. Wanawake wengine wanapiga kelele asilitamke. Sembène anaiacha fimbo ihesabike. Anayekuja kuuzuia mkono ule ni mchuuzi, yule wa mizaha, naye analipia kwa uhai wake. Kicheko cha mwanzo hakikuwa peremende ya kumezea dawa. Bila kicheko kile, Mercenaire angekuwa mpita njia tu, na kifo chake kingepita vilevile.

Kuhusu kazi yangu ya kila siku: wateja karibu wote huomba muziki wa huzuni chini ya ushuhuda wa mtu aliyeumizwa. Wanaogopa mtazamaji atachoka. Huwa nautoa muziki, naacha pumzi na kelele za chumbani, kisha namkalisha mtu ambaye hajui lolote kuhusu filamu hiyo, nami nakaa pembeni nikimwangalia yeye badala ya skrini. Sijali kama anatabasamu au anakunja uso. Akigusa simu, naandika dakika na sekunde, halafu narudi mezani kutafuta nilipomwachia.